MREJESHO: Kisukari na uraka wa mabibo

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kama mimi mwenye kisukari, ninayetumia metformini na glibenklamidi (dawa za kushusha sukari), naweza kuonja uraka, ile pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), msimu huu hapa Newala. Wengi mlisema nimwone daktari kwanza. Nimemwona, ila nilichelewa.

Jumamosi moja nilikunywa vikombe vitatu tumbo tupu. Saa kumi alfajiri mke wangu alikuta shuka limelowa jasho, mikono inanitetemeka, naropoka. Akadhani ni ulevi, akataka kuniacha nilale. Mama mkwe ndiye aliyekataa, akasema pimeni. Kipimo cha sukari kikasoma 2.9 mmol/L, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Wakaninywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, na namshukuru Mungu nilikuwa bado naweza kumeza.

Daktari alinieleza kwamba ini ndilo hutoa sukari ya akiba mtu akiwa hajala, lakini pombe ikiingia, ini hushindwa kuifanya vizuri kazi hiyo. Na glibenklamidi inaendelea kushusha sukari. Ndiyo maana hatari huja saa nyingi baadaye.

Hakunikataza kabisa. Glasi moja, baada ya kula ugali wangu, na nipime kabla ya kulala. Uraka mtamu nao hupandisha sukari kwanza, usiwadanganye. Gongo nimeacha.

Ninaokunywa nao nimewaambia wote: mkiniona nalegea, msiseme kalewa. Nipimeni. Mama mkwe ameweka glukosi kwenye kopo karibu na kitanda changu.