Mrejesho: kiumbe mkubwa kama dunia apewe takwimu gani?

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kiumbe mkubwa kama dunia apewe pointi ngapi za uhai kwenye mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu. Mkanishauri nisimpe hata moja. Mlikuwa sahihi kabisa. Urefu ukizidi mara 10, uzito huzidi mara 1,000. Ukitoka kwenye joka la mita 10 hadi kipenyo cha kilomita 12,742, pointi 100 za joka hilo zinageuka namba ya tarakimu 21. Upanga unaopunguza 8 hauna kazi hapo.

Kwa hiyo mwili wake sasa ni ramani ya kuchezea, si adui wa kupigwa. Kwa kuwa tunachezea Mwanza, jicho nimelipa upana wa Ziwa Victoria, wachezaji wanalivuka kwa mtumbwi. Kinachopigwa ni mshipa mmoja wa kope: pointi 120, kinga 17 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limguse). Ukikatika, kope linashuka na wimbi linakuja. Kila aliye majini arushe dadu ya pande 20, apate 15 au zaidi, la sivyo anazama.

Zamu ya kiumbe ni moja kila raundi 10. Mkimpa kila raundi, mtumbwi unapinduka hata Kirumba haijapotea machoni.

Kinga 17 ni kubwa kwa wahusika wa daraja la 5. Naishusha hadi 15.