MP3 128, MP3 320 au FLAC: tofauti mnaisikia kweli au ni mazoea?

Udi_Mkavu
Wakuu, kuna flashi ya GB 64 ya kujaza taarab, singeli na dansi la zamani. Itachezwa kwenye sabufa ya sebuleni, hedifoni za waya kwenye kompyuta, na spika ya Bluetooth. Hesabu ya wimbo wa dakika 4: MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) inakula MB 3.8 hivi, ya 320 MB 9.6, FLAC (inabana bila kutupa sauti, MP3 hutupa) kati ya MB 25 na 30. Flashi hiyohiyo inabeba nyimbo kama 16,000, au 6,500, au 2,300. Tofauti ya sauti inalipa nafasi hiyo? Naomba majibu ya vipimo, siyo ya "sikio langu halidanganyiki".

FundiTwita
128 na 320 zinatofautishika, ila inategemea unasikiliza nini. Mwimbaji na besi achana navyo, hapo hata 128 inajitahidi. Tega sikio kwenye vitu vinavyogongwa au kudonolewa ghafla: kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab), kayamba, matoazi, makofi ya watu.

Sababu ni hii. Enkoda ya MP3, programu inayokandamiza sauti, inafanya kazi kwa vipande vya sampuli 1,152, karibu milisekunde 26. Makosa ya kukandamiza yanatapakaa kipande kizima. Uzi wa kanuni ukidonolewa katikati ya kipande, unapata mchakacho mdogo unaotangulia mdonoo wenyewe. Kelele inayokuja nyuma ya mlio mkubwa sikio haliioni, hata ikidumu milisekunde mia. Inayotangulia inafichika kwa milisekunde chache tu. Ndiyo maana kanuni kwenye 128 inasikika kama ukucha umevishwa kitambaa. LAME, enkoda mojawapo ya MP3, ikihisi mdonoo unakuja hubadili ikatumia vipande vifupi, lakini kwa 128 biti zenyewe hazitoshi. Kwenye singeli ni matoazi: yanapiga mfululizo bila kupumzika, yanageuka "fshwi fshwi" kama bomba linalovuja.

Ukifika 320 mchezo umekwisha kwa karibu kila mtu na karibu kila wimbo.

MtaaWaPili
Sikubali. FLAC ina nafasi, besi imejaa, vyombo vimeachana. 320 ni bapa. Mtu yeyote mwenye hedifoni nzuri anasikia.

Bi_Mawimbi
Kaka MtaaWaPili, unachokisikia huenda kipo kweli, ila hakijatoka kwenye FLAC. FLAC ya albamu iliyosawazishwa upya ukiilinganisha na MP3 ya toleo la zamani, umelinganisha mafundi wawili wa studio. Tena faili moja ikizidi nyingine kwa nusu desibeli tu, sikio halisemi "hii ina sauti kubwa", linasema "hii ni nzuri". Besi iliyojaa mara nyingi ndiyo hiyo nusu desibeli.

Jaribio la haki ni hili. Chukua CD au FLAC unayoiamini, kutoka hiyohiyo tengeneza MP3 kwa LAME. Weka foobar2000, programu ya kuchezea muziki, na kijalizo chake cha ABX Comparator, chagua faili mbili, washa ReplayGain ili ziwe na ukubwa mmoja wa sauti. Programu inakupa A, B, na X asiyejulikana. Kazi yako ni kusema X ni yupi. Chagua sekunde 5 hadi 10 zenye kanuni au matoazi, maana kumbukumbu ya sikio ni fupi sana. Wimbo mzima utakupoteza.

Rudia mara 16, na idadi uiweke kabla ya kuanza. Wengi wanaharibu hapa: wanaacha pale wanapoongoza. Ukipata 12 kati ya 16, bahati tupu ingekufikisha hapo au zaidi kwa chini ya asilimia 4. Ukipata 9, sarafu ya kurusha inafika hapo au zaidi kwa asilimia 40. Kwa hiyo 9 si "nimesikia kidogo".

Mtego mwingine: MP3 iliyofunguliwa kwa programu isiyosoma taarifa za LAME huanza kuchelewa kwa milisekunde 25 hivi. Ukibadilisha kutoka A kwenda B unasikia kuruka, unapata 16 kwa 16, na hujapima ubora hata kidogo. Pia nyimbo za siku hizi zimejazwa sauti hadi ukingoni. MP3 ikifunguliwa vilele vinapita desibeli sifuri, ukomo wa sauti ya dijitali, na kukatika. Punguza desibeli 2 faili zote mbili kwanza.

MtaaWaPili
Sawa dada, nitaweka matokeo hapa. Na hizi za biti 24 na kHz 96, zinazopita kiwango cha CD, je? Nazo ni bahati?

FundiTwita
Hapo hata watafiti wanavutana. Meyer na Moran mwaka 2007, kwenye jarida la Audio Engineering Society, walipitisha sauti ya SACD na DVD-Audio, diski zinazopita kiwango cha CD, katika kiwango cha CD na kuwauliza wasikilizaji ipi ni ipi: majibu sahihi 276 kati ya 554, sarafu kabisa. Mwaka 2016 Joshua Reiss akakusanya majaribio 18 ya namna hiyo akapata asilimia 52.3. Tofauti ipo kwenye takwimu, waliofunzwa kusikiliza wanapanda zaidi, lakini kwa sabufa ya sebuleni usiipoteze flashi yako.

Santuri_Mbovu
Kabla ya kubishana kuhusu FLAC, hakikisheni ni FLAC. Nyingi zinazozunguka ni MP3 iliyogeuzwa: kilichotupwa hakirudi, faili linanenepa tu. Fungua kwa programu ya Spek uangalie picha ya masafa. MP3 ya 128 kwa kawaida imekatwa karibu kHz 16 au 17, ukuta ulionyooka kama ulikatwa kwa kisu. Ya 320 inafika karibu 20. Rekodi halali ya kanda ya zamani nayo hukosa sauti za juu, ila hufifia polepole, bila ukuta. Msiihukumu kwa haraka.

Ni hadithi ileile kwa "MP3 320" zinazotolewa YouTube. Kule sauti iko kwenye Opus au AAC, miundo mingine ya kukandamiza, kwa kawaida kbps 128 hadi 160. Ukiigeuza 320 umekandamiza mara mbili na faili limekuwa mara mbili. Bora uiache kama ilivyo.

Na wapenzi wa Siti binti Saad: zile santuri alizorekodi Bombay kuanzia 1928, juu ya kHz 6 au 7 ni mkwaruzo wa sindano tu. Ila msidhani MP3 ya kbps 64 inatosha. Mkwaruzo ni kelele, na kelele ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kukandamiza. Inakula biti za mwimbaji. Zipeni 192 kwenda juu.

Sabufa_Tatu
Spika ya Bluetooth mmeisahau. Simu inakandamiza upya kila kitu kabla ya kurusha. SBC, njia ya kukandamiza ambayo kila kifaa kinayo, inaishia karibu kbps 328. LDAC, njia nyingine, inafika 990, mawimbi yakiwa dhaifu inashuka hadi 330. Kwa hiyo FLAC kwa SBC ni kunywesha maziwa freshi kwa kichungi cha chai.

Halafu sabufa nyingi za bei ya chini hazisomi FLAC kabisa, na flashi ya GB 64 mara nyingi huja na exFAT, mpangilio wa faili ambao hazisomi pia. Iformati FAT32 kwanza, la sivyo utaona "no device" ukafikiri flashi imekufa. Na usiiache sabufa kwenye kona: besi itavimba kiasi cha kumeza kanuni nzima, hapo hata FLAC haikusaidii. Isogeze nusu mita.

Udi_Mkavu
Nimewapata. FLAC zinabaki kwenye diski ya kompyuta kwa hedifoni, flashi inakuwa MP3. Swali la mwisho: 320 moja kwa moja au VBR (kbps zinazobadilika)?

FundiTwita
LAME kwa V2, ngazi mojawapo ya ubora wa VBR. Wastani wake ni kbps 190 hivi, wimbo wa dakika 4 unakuwa MB 5.7, flashi inabeba kama 11,000. Panapohitaji biti inapanda yenyewe hadi 320, kwenye kimya inashuka. Ukiwa na wasiwasi na kanuni tumia V0, ngazi ya juu yake, wastani 245. Ubaya wake: baadhi ya sabufa na redio za gari za zamani zinaonyesha dakika vibaya kwenye VBR, na ukipeleka mbele inaruka mahali pasipo pake. Ikikukera, CBR (kbps isiyobadilika) 192.