Naomba ushauri: muvula au libuyu kwa mwili wa gitaa la umeme?

Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Napiga solo kanisani na nataka seremala wa mtaa wetu anichongee mwili mpya wa gitaa la umeme. Shingo, daraja na mikro mbili (vinasa mtetemo wa nyuzi) za humbucker, yaani za koili mbili, ninavyo tayari, vimetoka kwenye gitaa la zamani lililopasuka.

Seremala ana mbao mbili kavu. Muvula ni mzito, ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia kwa ukali. Libuyu ni mwepesi kidogo, mlio wake wa chini, na ni wa ukoo mmoja na mahogani ya Les Paul, lile gitaa maarufu la umeme. Hapo ndipo moyo ulipovutika. Ila Les Paul na Stratocaster, gitaa jingine maarufu (la mbao za alder au ash), hazitofautiani mbao tu: mikro si zilezile, na nyuzi za Strat zina urefu wa milimita 648, za Les Paul karibu 628. Sasa nani ajue kinacholeta sauti ni kipi?

Nimejaribu kufunga mikro zangu kwenye gitaa la rafiki, lenye mwili wa tripleksi (mbao za tabaka), kwa ampli (kikuza sauti) ileile. Tofauti niliyoisikia ilikuwa ndogo mno, tena zaidi gitaa likiwa halijachomekwa.

Aliyewahi kutumia muvula: je, kwenye ampli sauti ilibadilika kweli, au ni bega tu lililolemewa? Na libuyu wa unene wa milimita 45, kama Strat, utabana skrubu za daraja vizuri?