Mashindano ya kadi kwa taarifa ya siku tatu: tuyapangeje hapa Mombasa?

Mkaazi wa Tudor

Assalaam alaykum na salamu kwenu nyote. Kundi letu la Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mtu hucheza kwa seti aliyoipanga mwenyewe, halina siku maalumu ya kukutana, kwa sababu wengi wetu hufanya kazi za zamu, wengine bandarini na wengine hotelini. Ratiba za kazi hutangazwa katikati ya wiki, na hapo ndipo tunapogundua kwamba Jumamosi inayofuata watu wa kutosha wana nafasi. Tatizo ni kwamba hadi asubuhi ya siku yenyewe siwezi kujua kama watakuja sita au kumi na sita, na miongoni mwao wako wanaovuka feri kutoka Likoni na wanaotoka Mtwapa, ambao hakuna awezaye kuwadhaminia saa ya kufika. Je, nitangaze idadi ya raundi mapema au nisubiri nione waliofika? Aidha, mzazi mmoja ameniuliza kama ada ya kiingilio tunayotoza haifanyi mchezo huu kuwa kamari, na ningependa kumjibu kwa jambo la kutekelezwa, si kwa maneno matupu.

Mwamuzi wa Nyali

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mimi naona mashindano ya haraka yasipangwe kwa kuanzia na idadi ya wachezaji, ambayo huna, bali kwa kuanzia na saa ya kumaliza, ambayo unaweza kuiahidi. Mtu anayerudi kazini usiku au anayetakiwa nyumbani kabla ya Magharibi hukubali mwaliko wa ghafla akijua hakika atatoka saa ngapi.

Tumia mfumo wa Uswisi, uliotumika kwa mara ya kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895, kwa sababu haumtoi mtu baada ya kushindwa: raundi ya kwanza watu hupangwa kwa bahati nasibu, kisha wenye pointi zinazolingana hukutanishwa bila kurudia mpinzani. Aliyesafiri kutoka mbali hachezi mechi moja akarudishwa nyumbani. Ushindi ni pointi 3 na sare ni 1, na wachezaji wakiwa witiri, mmoja hupumzika na kupewa pointi 3 za ushindi.

Kwa watu wanane, raundi tatu hutoa mshindi mmoja asiyeshindwa, mradi pasiwe na sare. Wakiwa kati ya tisa na kumi na sita, kanuni ya kawaida ni raundi nne, lakini kwa hali yenu ningebaki na tatu nilizoahidi. Wawili wakimaliza bila kushindwa, watenganishwe kwa asilimia ya ushindi wa wapinzani wao, na jambo hilo lisemwe kabla ya mechi ya kwanza, kwa maana likisemwa baadaye huonekana kama upendeleo. Raundi ni dakika 50, na muda ukiisha huongezwa zamu tano za mchezo, kwa hiyo hesabu saa nzima kwa kila raundi. Mkianza saa nane mchana, mkapumzika kwa ajili ya Alasiri baada ya raundi ya pili, mtakuwa mmemaliza kabla ya saa kumi na moja na nusu.

Mzazi wa Kizingo

Nashukuru kwamba swali la kamari limeulizwa waziwazi, kwani ndilo lililonifanya nimzuie mwanangu kwa muda mrefu. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na tulivyofundishwa ni kwamba palipo na watu wanaochanga fedha ili mmoja wao azichukue zote, hapo pana shaka kubwa hata kama mchezo wenyewe unahitaji akili. Kwa hiyo, tozeni gharama ya ukumbi na maji tu, mtaje kiasi chenyewe katika tangazo, na zawadi itolewe na mtu asiyeshindana, au isiwepo kabisa. Ada ikitumwa kwa M-Pesa na mashindano yakavunjika, irudishwe siku hiyo hiyo bila mtu kukumbushwa. Sisi wazazi tunautazama uaminifu huo kabla ya kuutazama mchezo.

Mchezaji wa Likoni

Nakubaliana na ndugu Mwamuzi kuhusu saa ya kumaliza, ila naomba sisi wa ng'ambo tufikiriwe. Feri ikichelewa, tunaweza kufika raundi ya kwanza ikiwa imekwisha anza, na si haki mtu arudishwe mlangoni.

Vilevile, aina ya mashindano itangazwe siku ile ile ya mwaliko. Kuchagua kadi kutoka pakiti mpya hakufai kwa taarifa fupi, kwa sababu pakiti huagizwa kutoka mbali na hazifiki kwa siku tatu. Napendekeza Pauper, ambayo huruhusu tu kadi zilizowahi kutolewa katika daraja la kawaida, yaani zisizo adimu. Kadi nyingi za daraja hilo ni za bei nafuu, kwa hiyo mwenye seti mbili za kadi 60 anaweza kumwazima mgeni moja bila wasiwasi. Jambo jingine ni unyevu wa pwani yetu: baadhi ya kadi zina tabaka linalong'aa, na karatasi yake hunyonya unyevu ilhali tabaka hilo halinyonyi, kwa hiyo kadi za aina hiyo hujikunja hata zikiwa ndani ya vifuko vya plastiki. Kadi iliyojikunja hutambulika kabla ya kuvutwa, na hilo kanuni hulihesabu kuwa kadi yenye alama. Tuwaombe watu walete zisizong'aa.

Mwamuzi wa Nyali

Ndugu wa Likoni, ombi lako ni la haki na kanuni zinaruhusu. Mwandaaji anaweza kumpokea aliyechelewa, akahesabiwa kushindwa katika raundi aliyoikosa na kuendelea na zilizobaki.

Mkaazi wa Tudor

Ahsanteni sana. Nitatangaza Pauper, raundi tatu, kuanzia saa nane, pamoja na mchango wa ukumbi uliotajwa kiasi chake, na zawadi nitaomba kwa rafiki ambaye hachezi. Limebaki moja: wakija wanne tu, niahirishe?

Mwamuzi wa Nyali

Usiahirishe. Wanne katika raundi tatu, kila mmoja atakutana na wenzake wote, na hakuna atakayepumzishwa.