Mrejesho: Matembezi ya hisani tumeyamaliza

Wakuu, niliomba ushauri wa kujiandaa kwa matembezi marefu ya kuchangia matibabu ya watoto, mimi na marafiki zangu. Tumefika! Aliyesema nivae soksi mbili, nyembamba ndani na nene juu, nipake na mafuta ya mgando katikati ya vidole, Mungu akubariki: msuguano uliishia kati ya soksi na soksi, malengelenge sikuyaona. Kufuata mwendo wa aliye nyuma kulituweka pamoja. Mazoezi ya kupanda vilima, hayo hayakutosha. Kwenye miteremko goti la mwenzetu lilivimba, akamalizia garini, na iliniuma sana. Ahadi nyingi zimelipwa, hasa na wale tuliowatumia picha tukiwa njiani. Zilizobaki tunakumbushia. Asanteni mno.