Tunasafisha mtaro bure, kumbe uko kwenye mpango kazi wa sabkaunti. Tufanye nini?

kijana_mpakani
Ndugu zangu habari zenu, wakubwa shikamoo. Naandika nikiwa huku mashariki mwa Uganda karibu na mpaka, jina la sabkaunti yetu (serikali ya mtaa iliyo chini ya wilaya) sitalitaja kwasababu bado tunaishi nao na ukweli wote sijaujua. Sisi ni vijana wa trading senta, wengine boda, wengine wanauza nguo za mivumba (mitumba), kuna madada wa saluni, na kuna sisi tuliomaliza diploma tukakaa nyumbani. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na majembe na sepetu tunazibua ule mtaro mkubwa wa sokoni, kavera (mifuko ya plastiki) zimejaa, matope, chupa, kila kitu, maana mvua ikinyesha maji yanaingia madukani alafu yanateremka mpaka helth senta na kina mama wajawazito wanavuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Hakuna mtu alitutuma. Wenye maduka wanatupa glavu na maji ya kunywa, chairmani wa LC1, yaani baraza la kijiji, akipita anatushukuru, basi.

Sasa majuzi mwenzetu alienda sabkaunti kufuatilia mambo ya PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi, akaona kwenye notisibodi karatasi ya mpango kazi wa mwaka huu wa fedha, ndani kuna mstari umeandikwa kusafisha mitaro ya soko na mbele yake milioni nne na kitu. Akapiga picha akaweka kwa grupu yetu ya WhatsApp. Tangu siku hiyo tumegawanyika. Wengine wanasema tuache kazi mara moja. Wengine wanasema tuendelee tusitafute shida. Wengine wanataka twende ofisini wote tukiwa na majembe yetu.

Na kuna kitu kinaniuma. Hawa watu wa sabkaunti wanatujua vizuri. Mgeni akija kutoka wilayani tunaitwa kupanga viti na kufunga hema, tunaambiwa vijana ndio nguvu ya taifa. Mkutano wa bajeti ukifika hatusikii hata tangazo. Tuulize vipi hii pesa bila kuharibu uhusiano? Na kazi tuendelee ama tuache?

steji_ya_juu
Acheni kesho. Mtaro ujae, maji yafike mpaka kwa ofisi zao, ndio watakumbuka hizo milioni ziko wapi. Nyinyi mkiendelea kusafisha mnamsaidia mtu kuandika ripoti kwamba kazi imefanyika.

Mama_VHT_Arua
Mwanangu wa steji nakuelewa lakini soma tena alichoandika, maji hayaendi ofisini, yanaenda helth senta. Anayeumia ni mama mwenye mimba na mtoto anayecheza hapo chini. Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, huku Arua, hii kazi ya VHT iko tangu 2001 na wengi wetu tunaifanya bila mshahara, najua uchungu wa kufanya kazi alafu mwingine anasimama mbele kuisemea. Lakini nimeona nyumba ambazo kuhara kumeingia baada ya maji machafu kusimama na siwezi kumwambia mtu aache mtaro uzibe ili afundishe ofisi adabu. Zibueni. Na mara hii mpige picha kabla na baada, muandike kwa daftari tarehe, nani alikuja, mlizibua kutoka wapi mpaka wapi, chairmani akipita kuwashukuru mwambieni atie sahihi. Hilo daftari mtalihitaji.

kaunsela_wa_zamani
Mama ameongea. Mimi nilikuwa kaunsela wa vijana LC3, yaani baraza la sabkaunti, muhula mmoja, niruhusuni niandike kwa urefu.

Kwanza msimwite mtu mwizi bado. Mstari kuwepo kwenye mpango kazi na pesa kutoka ni vitu viwili tofauti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30, pesa zinatoka kwa robo, na vitu vidogo kama mitaro na takataka mara nyingi vinategemea mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, leseni za biashara na kadhalika. Soko lisipokusanya kama walivyokadiria, ule mstari unabaki kwenye karatasi tu. Kwahiyo maswali yenu ni haya, hiyo pesa ilitoka? robo ya ngapi? alilipwa nani na kwa kazi ya tarehe gani? Kama kuna vocha ya kulipa mtu kusafisha Jumamosi ambayo nyinyi mlikuwa ndani ya mtaro, hapo mna jambo zito na daftari la mama ndio shahidi wenu. Kama haikutoka kabisa basi ombi lenu ni lingine, waseme kilichotokea kwa ushuru.

Na kuna jambo vijana wengi hawalijui. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1997, sabkaunti ya kijijini inabaki na asilimia 65 ya mapato ya ndani, ile 35 inaenda wilayani. Katika hiyo inayobaki, asilimia 25 inatakiwa irudi vijijini kwa LC1. Mkutano wenu wa kijiji uliwahi kusomewa hiyo 25? Ulizeni na hiyo, maana hata sepetu na wilibaro zingeweza kutoka hapo.

Kingine ni kalenda, na hapa ndipo tunapopigwa kila mwaka. Watu wanaamka Juni bajeti ya taifa ikisomwa, redio zote zinaongea, wakati huo mambo yameshaisha zamani, Bunge lenyewe linatakiwa liwe limepitisha kufikia Mei 31. Kazi yenyewe inafanyika kuanzia kama Agosti mpaka Novemba, vijiji na parishi vinaandika vipaumbele, vinapanda sabkaunti, alafu wilaya inaita kongamano la bajeti. Kijiji kisichoandika kitu kinaandikiwa na mtu aliyekaa ofisini. Mtaro wenu uliingia kwenye ile karatasi, maana yake kuna mtu aliusemea au alikopi ya mwaka juzi. Mwaka kesho usemewe na nyinyi.

steji_ya_juu
Hiyo ya 25 ni kweli?? Mimi niko na miaka 29 sijawahi kusikia mtu akiitaja kwa mkutano.

Mzee_wa_Bombo
Marahaba wanangu. Hujasikia kwa sababu mikutano yenyewe haiitishwi. Sisi wakati wa RC, yale mabaraza ya baada ya 1986 kabla hayajaitwa LC, kijiji kilikuwa kinakaa chini ya mwembe na mtu anasimama anauliza chairmani maswali magumu mpaka jua linazama. Alafu uchaguzi wa LC1 ukakaa kutoka 2001 mpaka 2018, watu wakazoea kwamba chairmani ni wa kupiga muhuri kwenye barua tu. Lakini sheria haijabadilika, baraza la kijiji ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Wewe kijana si mgeni hapo, wewe ni mwanachama. Hauombi nafasi ya kusema, unayo.

Ushauri wangu, muanzie kwa chairmani wenu wa LC1. Nendeni wawili au watatu, mumwamkie, mkae, mumwombe aitishe mkutano wa kijiji na amwalike parishi chifu. Msimpelekee ile picha mbele za watu akiwa hajaiona. Mtu mzima akishtukizwa hadharani anajitetea tu, hata kama alikuwa upande wenu.

Sanyu_Kla
Mimi nina wazo tofauti na mzee, kwa heshima. Wekeni Twita. Mwaka 2023 watu walifanya maonyesho ya mashimo ya barabara za Kampala mtandaoni, kila mtu anaposti shimo la mtaa wake, na haikuchukua muda Rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ipewe bilioni 6 za kuziba. Miaka mingapi watu walikuwa wanaandika barua?

kaunsela_wa_zamani
Sanyu, yale mashimo kila mtu alikuwa anayapita na gari, hakuna aliyeweza kubisha. Hapa wana picha ya karatasi moja. Wakiposti leo na pesa haikutoka, wao ndio wataonekana waongo na mlango utafungwa. Twita iwepo, lakini baada ya jibu au baada ya kunyimwa jibu. Kuna sheria ya kupata taarifa ya 2005, raia yeyote anaomba kwa maandishi na ofisi ina siku 21 za kujibu. Na hulazimiki kueleza unaitaka ya nini.

kijana_mpakani
Nimesoma yote asanteni sana. Kuna vitu vitatu. Kaunsela wetu wa vijana LC3 anaishi Kampala, simu hapokei. Grupu yetu haijasajiliwa popote. Alafu kuna woga ambao sikuandika mwanzo, wenzetu wengi wamejaza fomu za PDM wanasubiri ile milioni moja, wanasema jina likionekana kwenye barua ya kuuliza pesa basi jina litapotea kwenye listi ya sako. Mmoja ana mama mgonjwa na hiyo milioni ndio mpango wake wote wa kuku. Siwezi kumlazimisha atie sahihi.

Mama_VHT_Arua
Usimlazimishe. Na msiandike peke yenu kama vijana. Nani analipa ushuru wa hilo soko? Kina mama wa nyanya na dagaa, wanakatiwa risiti. Wao ndio wenye swali kuliko hata nyinyi. Nenda kaa nao, waeleze mstari ule, waambie ushuru wao ndio unatakiwa kusafisha mtaro. Barua ikiwa na majina ya wauza nyanya, wenye maduka, incharji wa helth senta kama atakubali, na vijana wachache walio tayari, nani atajua amkate nani? Na asilimia 30 ya PDM ni ya vijana, si zawadi ya mtu, mwambie huyo mwenzako asiogope kuisimamia.

Kuhusu kaunsela, wako wawili LC3, mmoja mwanamke. Mmempigia huyo dada?

kijana_mpakani
Hapana mama. Huyo hatukumfikiria kabisa. Ninamtafuta leo.

Sanyu_Kla
Na mjisajili jamani. Mnaanzia kwa CDO, afisa maendeleo ya jamii wa sabkaunti. Sheria ya manunuzi ilirekebishwa 2021, inatenga sehemu ya tenda za serikali kwa makundi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo kazi ya mtaro mnaweza kuifanya kihalali mkalipwa.

Mzee_wa_Bombo
Kujisajili ni sawa. Tenda naogopa. Leo mnauliza kwa sababu hamdaiwi kitu na ofisi. Mkishakuwa mnalipwa na ofisi hiyohiyo, nani atasimama kwenye mkutano aulize robo ya tatu ilienda wapi?

steji_ya_juu
Mzee samahani lakini vijana hawali heshima. Kama kazi ina pesa walipwe, wengine waulize. Si kijiji kizima ni wanachama umesema?

Mzee_wa_Bombo
Umenirudishia maneno yangu mwenyewe, nayakubali. Basi wagawane, wanaochukua tenda wasiwe wale wale wanaokaa kwenye kamati ya kuikagua. Na mliamue hilo kabla pesa haijaonekana.

kijana_mpakani
Tumekubaliana hivi usiku huu. Jumamosi mtaro tunazibua kama kawaida na daftari linaanza. Kesho mimi na dada wa saluni tunaenda kwa chairmani, yeye ni mjomba wa mwenzetu mmoja, atatupokea. Kina mama wa nyanya nitaongea nao asubuhi kabla wateja hawajajaa. Barua ataandika nani ndio bado, mimi Kiingereza cha ofisini sio kizuri sana.

kaunsela_wa_zamani
Niandikie inboksi nitakusaidia, iwe ukurasa mmoja, maswali matatu yale yale, hakuna lawama hata moja. Ielekezwe kwa chifu wa sabkaunti, nakala kwa chairmani LC3 na CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Chapisheni mbili. Moja mnawaachia, ya pili wanagonga muhuri wa kupokea na tarehe mnarudi nayo. Katibu akisema bosi hayupo aachiwe tu mezani, kaeni kwenye benchi mpaka muhuri upatikane, siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.