Ninachora kwa mkono ramani ya galaksi ya kubuni: mikono yake niipindeje, na umbali niupimeje?

Mwandishi wa Uyole

Habari zenu. Ninaandika hadithi ndefu ya kubuni ya kisayansi, ambayo inaanzia Mbozi, pale kwenye kimondo cha chuma ambacho wengi wetu tulipelekwa kukiona tukiwa wanafunzi, kisha inatoka nje ya Dunia na kuenea katika galaksi nzima. Ndani yake kuna sayari 14 zenye watu, mfalme mmoja anayezikusanyia kodi zote kila mwaka, na vyombo ambavyo huchukua siku tatu kutoka nyota moja hadi nyota jirani. Nimefika sura ya saba na sasa mimi mwenyewe ninachanganya nani anaishi wapi. Kwa hiyo nimeamua kuchora ramani, tena kwa mkono, kwa sababu nataka ikae mwanzoni mwa kitabu ikionekana kama kazi ya mmoja wa wahusika.

Hadi sasa nimeharibu karatasi mbili za manila. Katika ile ya kwanza, mikono ya galaksi ilinitoka kama dawa ya mbu ya kuchoma, mizunguko iliyobanana kwa nafasi sawa kutoka katikati hadi ukingoni, na mdogo wangu aliponiuliza kama ni tangazo la duka sikuwa na jibu. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi, lakini niliiacha mezani usiku mmoja wa mvua, na asubuhi nikakuta karatasi imejikunja na wino umetambaa. Naomba mnisaidie: mikono hiyo hupindwa kwa kanuni gani, sayari zangu niziweke wapi ili umbali uwe na maana, na ni karatasi na wino gani vinavyovumilia hali yetu ya hewa?

Mwalimu wa Jiografia, Iringa

Mwanangu, kosa lako la kwanza ni la kawaida na dawa yake ni nyepesi. Katika dawa ya mbu nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata haibadiliki, ilhali mkono wa galaksi hufunguka zaidi kadiri unavyoondoka katikati. Chukua bikari, kipimapembe na rula. Weka nukta ya katikati, pima sentimita 4 kuelekea juu na uweke alama. Geuka robo ya mzunguko, zidisha umbali kwa 1.4 na uweke alama nyingine. Endelea hivyo, nawe utapata sentimita 4, 5.6, 7.8, 11, 15.4 na 21.5. Unganisha alama hizo kwa mkono mwepesi, kwa penseli laini. Umbali utakuwa unakaribia kuongezeka maradufu kila nusu ya mzunguko, na huo ni mpindo unaofanana sana na ule ambao wanaastronomia hukadiria kwa mikono ya galaksi yetu. Mkono wa pili uanzishe upande wa pili wa katikati kwa vipimo vilevile. Ukitaka ifanane zaidi na Njia Nyeupe, yaani hiyo galaksi yetu, usianzie kwenye duara: chora kwanza mkanda mfupi ulionyooka wa nyota unaokatiza katikati, kisha mikono ianzie kwenye ncha zake.

Jambo zito ni la vipimo, na hapa nitakuchosha kidogo. Njia Nyeupe ina upana wa takriban miaka nuru 100,000, na mwaka nuru mmoja ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Ukiichora kwa upana wa sentimita 50, sentimita moja inabeba miaka nuru 2,000 na milimita moja inabeba 200. Jua letu, lililo miaka nuru kama 26,000 kutoka katikati, litakaa sentimita 13 kutoka kwenye nukta yako. Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitazama kabla ya kushika jembe, kipo umbali wa miaka nuru inayopita 400 kidogo, yaani milimita mbili tu kutoka kwenye Jua. Weka kitufe cha shati juu ya Jua: nyota nyingi kabisa unazoziona kwa macho ukiwa hapo Uyole zimefunikwa na kitufe hicho. Rijili Kantori, jirani yetu aliye umbali wa zaidi kidogo ya miaka nuru 4, angekuwa sehemu ya hamsini ya milimita kutoka kwetu, na kalamu ya kufanya kazi hiyo haipo.

Sasa turudi kwa mfalme wako. Tuseme nyota mbili jirani zimeachana kwa miaka nuru 10, na chombo kinakata umbali huo kwa siku tatu. Kuvuka galaksi nzima kutachukua siku 30,000, yaani zaidi ya miaka 80. Mtoza kodi anayetakiwa kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja hawezi kwenda mbali kuliko miaka nuru 600 hivi, ambayo kwenye karatasi yako ni milimita tatu kila upande. Ufalme wote ni punje ya njegere. Ama vyombo viongezwe kasi, ama mfalme apunguziwe majigambo.

Fundi Mabango, Tukuyu

Mimi ni mchoraji wa mabango na nyota sizijui, lakini unyevu naujua, kwa maana huku kwetu mvua huja kama mgeni aliyehamia. Manila nyembamba hunywa maji ya hewani hata ikiwa kabatini. Tafuta karatasi nene ya kuchorea, uilaze juu ya ubao wa plaiwudi, uilowanishe kidogo kwa sifongo na kuibandika kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Ikikauka itakaza kama ngoma, na haitajikunja hata ukiipaka rangi za maji. Iache ikauke kivulini penye upepo, mbali na jiko la mkaa, kwa kuwa joto la upande mmoja huipinda na masizi hayafutiki. Kuhusu wino, usiamini maandishi ya kwenye chupa. Chora mstari kwenye kipande kilichobaki, subiri saa moja, kisha usugue kwa kidole chenye maji.

Nyota usizichore moja moja kwa kalamu, utazeeka. Chukua mswaki wa zamani, uchovye katika rangi nyeupe iliyozimuliwa kidogo, kisha ukwaruze nywele zake kwa kidole ili matone yarukie karatasi nyeusi. Pale usipotaka nyota, funika kwa karatasi iliyokatwa kufuata umbo la mkono wa galaksi. Jaribu kwanza kwenye gazeti, kwa sababu mrusho wa kwanza baada ya kuchovya huwa na matone makubwa mno.

Msafiri wa Makambako

Namheshimu Mwalimu, lakini naona anampeleka dada yetu kwenye hesabu ambazo msomaji hatazifuata. Mtu anayepanda treni ya TAZARA hahitaji kujua umbo sahihi la kila kona katika zile kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Anataka kujua kituo gani kinafuata na atafika lini. Aidha, kilomita zenyewe hudanganya. Kipande cha barabara kwenye mlima Kitonga ni kifupi ukikitazama kwenye ramani, lakini ukiwa nyuma ya malori yaliyobeba shehena utakiona kirefu kuliko tambarare nzima iliyokitangulia. Chora sayari 14 kama vituo, ziunganishe kwa mistari, na juu ya kila mstari andika idadi ya siku za safari. Mikono ya galaksi iwe pambo la nyuma tu.

Mwandishi wa Uyole

Shikamoo Mwalimu, na asanteni Fundi na kaka wa Makambako. Nimejaribu kanuni ya 1.4 usiku huu kwenye karatasi ya daftari na kwa mara ya kwanza nimeona galaksi. Kuhusu njegere, nilikasirika kwa muda wa chai moja, kisha nikatambua kwamba jambo hilo linafaa hadithi kuliko nilivyopanga: mfalme anajiita mtawala wa galaksi, na mchora ramani wake ndiye pekee anayejua kwamba himaya yote haifiki hata ukubwa wa punje. Sitabadilisha kasi ya vyombo. Kwa kuwa sayari zote 14 zinaweza kutosha katika eneo lenye upana wa miaka nuru 60, nifanyeje zionekane, ikiwa kwenye karatasi kubwa zinaingia chini ya nukta moja?

Mwalimu wa Jiografia, Iringa

Marahaba, mwanangu. Chora ramani mbili, kama atlasi inavyoweka Tanzania kwenye ukurasa mmoja na mji wa Mbeya kwenye kisanduku pembeni. Katika karatasi kubwa weka nukta moja nyekundu na mstari mwembamba unaotoka kwenye nukta hiyo hadi kwenye kisanduku. Ndani ya kisanduku chenye upana wa sentimita 30, sentimita moja itabeba miaka nuru 2, na hapo Jua likiwa katikati, Rijili Kantori itakaa sentimita mbili na kidogo kutoka kwake, na nyota ya Shira (Sirius), iliyo umbali wa miaka nuru 8.6, itakaa sentimita 4.3.

Angalia jambo moja. Galaksi ni bapa: kisahani cha nyota zake kina unene wa miaka nuru kama 1,000, nusu sentimita kwenye karatasi yako kubwa, kwa hiyo kuichora bapa si uongo mkubwa. Lakini ndani ya kisanduku ubapa huo haupo, kwa sababu nyota zimetapakaa juu na chini kama zilivyotapakaa kushoto na kulia. Kando ya kila nyota andika kimo chake, kwa alama ya kujumlisha ikiwa juu ya karatasi na ya kutoa ikiwa chini. Umbali wa kweli utaupata kwa kanuni ya Pythagoras: nyota mbili zilizoachana sentimita 3 kwenye karatasi, yaani miaka nuru 6, na zikatofautiana kimo kwa miaka nuru 8, zimeachana kwa miaka nuru 10. Siku za safari anazozitaka ndugu yetu wa Makambako zitokane na hesabu hiyo, si na jicho. Namkubalia kwamba ziandikwe juu ya mistari. Nisichokubali ni kwamba umbali hauna kazi.

Na pembe zako zihesabu kwa utaratibu wa wanaastronomia, ambao huanza na sifuri kwenye mstari unaotoka kwenye Jua kwenda katikati ya galaksi, upande wa kundi la nyota la Mshale. Mwezi Julai, kiangazi kikiwa kimesafisha anga, toka nje kuanzia saa nne usiku, utazame karibu na utosi, kusini kidogo. Pale ukanda mweupe unaponenepa ndipo sifuri yako ilipo.

Fundi Mabango, Tukuyu

Kisanduku kichore kwenye karatasi ya pembeni na ukibandike mwishoni, ili kikiharibika usipoteze galaksi nzima. Ile nukta nyekundu iwe ya mwisho kabisa, baada ya matone ya mswaki kukauka.